Gego likishang'olewa, kapsuli za nini?

Mgonjwa anayeng'olewa gego la mwisho, Bariadi au kwingineko mkoani Simiyu, mara nyingi hutarajia kuondoka na dawa za aina mbili: ya maumivu na ya "kukausha kidonda". Hii ya pili ni antibayotiki, kwa kawaida amoksilini, pengine pamoja na flagili. Asipopewa, huona hajahudumiwa, na wengine huenda kujinunulia dukani.

Kidonda chenyewe hakikaushwi na kapsuli. Jino likitoka, shimo hujaa damu, damu huganda, na chini ya bonge hilo nyama mpya huanza kuota. Uvimbe na maumivu ya siku mbili tatu za mwanzo ni sehemu ya kupona. Kinachohitajika ni kuuma pamba hadi damu ikate, kutosukutua siku ya kwanza, kusukutua kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu kuanzia siku ya pili, kuacha sigara, na kumeza dawa ya maumivu.

Mwaka 2021, mtandao wa watafiti wa Cochrane ulihuisha uchambuzi wake wa tafiti za kung'oa meno, nyingi zikihusu magego ya mwisho. Ilikadiriwa kwamba ni lazima watu 19 wenye afya njema wapewe antibayotiki ili mmoja aepushwe na maambukizi. Wengine 18 humeza dawa bila faida, na baadhi huambulia kuhara au mzio. Hitimisho lilikuwa kwamba kumpa kila mgonjwa mwenye afya njema huenda hakuna uhalali.

Hasara hiyo haiishii kinywani. Kila dozi huua bakteria dhaifu mwilini na kuwaachia nafasi walio sugu, ambao huhama kutoka mtu hadi mtu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya kuhusu usugu alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu watoto waliolazwa Muhimbili wakiwa na maambukizi ya damu ulionyesha maana ya onyo hilo. Miongoni mwa walioambukizwa bakteria wenye vimeng'enya vya kuvunja antibayotiki zenye nguvu, asilimia 71 walifariki. Kwa bakteria wa jamii hiyo wasio na vimeng'enya hivyo, ilikuwa asilimia 39. Duniani, vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu mwaka 2019 vilikadiriwa kufikia milioni 1.27.

Maduka ya Dawa Muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yalisogeza dawa karibu na wananchi wa vijijini, na hilo ni jambo jema. Lakini ukaribu huo umezaa mazoea. Mteja anaeleza kwamba jino linauma, muuzaji anahesabu kapsuli, anazitia kwenye bahasha ndogo na kuandika "1x3". Fedha zikipungua, zinauzwa za siku mbili. Tumezoea kuhimizana tumalize dozi, na ni kweli nusu dozi ni hatari; ila hata dozi kamili aliyopewa asiyeihitaji huzalisha usugu.

Haki itendeke kwa tabibu pia. Mgonjwa anayetoka kijiji cha mbali Meatu au Itilima hawezi kurudi kirahisi uso ukimvimba usiku, kwa hiyo kapsuli huandikwa kama tahadhari. Wapo pia wanaozihitaji kweli: mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mwenye kinga dhaifu, mwenye usaha uliosambaa na homa, na baadhi ya waliopasuliwa mfupa kutoa gego lililonasa. Hao ndio tunaopaswa kuwatunzia dawa hizi ziendelee kufanya kazi.

Tanzania imekuwa na mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa tangu mwaka 2017, lakini mpango hautekelezwi wizarani peke yake. Tabibu wa meno, mweleze mgonjwa dalili za hatari: homa, usaha, uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu, kushindwa kufungua kinywa au kumeza, mpe na namba ya kupiga. Muuzaji, dai cheti. Nawe uliyeng'olewa jino, ukiambiwa huhitaji antibayotiki, usidhani umenyimwa. Umehudumiwa ipasavyo.