Uhandisi na Kompyuta Chuo Kikuu: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuuza Mahindi



Kila mwaka matokeo ya mtihani wa MSCE yakishatoka, wazazi hutujia na swali lile lile. Hutujia wenzetu wa viwanda vya tumbaku vya Kanengo wanaokaa Area 49, upande wa Gulliver na Dubai. Hutujia pia ndugu zetu wa Dzaleka wanaoishi kwa ganyu na biashara ndogo. Mtoto anasema anataka kusoma uinjinia, au anataka kusoma kompyuta, tena chuo kikuu. Je, ni kazi gani hiyo? Ni miaka mingapi? Na pesa itatoka wapi? Sisi tunaoandika hapa tuliishia shule ya msingi. Kwa hiyo tumewauliza wanaojua, tukasoma na karatasi za vyuo, na sasa tunaeleza kwa lugha ya kiwandani.

Tuanze na boila, maana kila mmoja wetu anaijua. Boila huzungukwa na watu wa aina tatu. Wa kwanza ni fundi mchundo. Huyu amejifunza kwa mkono: anachomelea, anafunga bomba, anabadilisha vali. Wa pili ni fundi sanifu, mwenye diploma. Anasoma mchoro na vipimo, na anajua kwa nini mshale umepanda. Wa tatu ni mhandisi. Yeye ndiye anayepiga hesabu, kabla boila haijajengwa, kwamba chuma kiwe na unene kiasi gani ili kihimili mvuke wa nguvu kiasi gani, na vali ya usalama ifunguke wakati gani. Watu hawa watatu wanahitajiana, wala hatukubali kuwa mmoja ni mtu zaidi ya mwenzake. Lakini mhandisi akikosea hesabu, anayeungua si yeye, ni sisi tunaosimama karibu. Ndiyo sababu masomo yake ni marefu, na ndiyo sababu jambo hili linatuhusu hata wale ambao hatuna mtoto wa kupeleka chuo.

Hapa Malawi masomo ya uhandisi yana makao makuu mawili. La kwanza liko Blantyre. Wazee wanaliita Polytechnic, na tangu miaka ya 1960 lilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Malawi. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Malawi kiligawanywa, na Polytechnic ikawa chuo kikuu kinachojitegemea kiitwacho Malawi University of Business and Applied Sciences, kwa kifupi MUBAS. La pili liko Thyolo, katikati ya nchi ya chai, mahali paitwapo Ndata. Hicho ni Malawi University of Science and Technology, yaani MUST, kilichojengwa kwa mkopo wa China na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 2014. Wachumaji wa chai wa upande ule wanaona majengo yake kila siku. Tungependa kuona watoto wao wakiingia humo kwa vitabu, siyo kwa ufagio tu.

Uhandisi una matawi mengi, na mzazi asikubali jibu la "injinia" peke yake. Amwulize mtoto: injinia wa nini? Yuko wa ujenzi, ambaye kazi yake ni madaraja, barabara na majengo. Yuko wa mitambo, ndiye wa boila na mashine zetu. Wako wa umeme, wa mawasiliano, wa elektroniki na kompyuta, wa madini, wa kemikali. Yuko hata wa vifaa vya hospitali, anayejua mashine za kupimia na kutibu wagonjwa. Kwa kawaida shahada ni miaka mitano. Miaka ya mwanzo ni hisabati, fizikia na kuchora, na hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu walidhani watashika spana siku ya kwanza. Baadaye kila mmoja huingia tawi lake, na kabla ya kumaliza hupelekwa kazini ajifunze kwa vitendo, kisha hutengeneza kazi yake mwenyewe na kuitetea mbele ya walimu.

Hilo la kupelekwa kazini tunalipenda. Tanzania ilipofungua Kitivo cha Uhandisi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, iliamuliwa kwamba wanafunzi wakati wa likizo waende viwandani, wapake grisi pamoja na wafanyakazi. Wahandisi wa kwanza walihitimu mwaka 1977. Mhandisi aliyewahi kubeba kisanduku cha zana nyuma ya fundi mchundo hamdharau fundi huyo baadaye, au angalau humdharau kidogo. Wanafunzi wanapoletwa katika viwanda vyetu tusiwafiche kazi. Tuwaonyeshe mashine inavyolia, na tuwaonyeshe pia mahali mwenzetu alipoumia.

Kama kuna anayeuliza nchi inawahitaji wa nini, akumbuke Januari 2022. Mafuriko ya dhoruba Ana yaliharibu bwawa la Kapichira kwenye mto Shire, na karibu theluthi moja ya umeme wa nchi ikapotea kwa siku moja. Wahandisi na mafundi walifanya kazi zaidi ya mwaka mzima kuurudisha.

Sasa tuje kwenye kompyuta, maana huko ndiko vijana wengi wanakokimbilia na ndiko wazazi wanakochanganyikiwa. Yako mambo matatu yanayofanana kwa jina. Uhandisi wa kompyuta ni kujua kile chuma chenyewe: saketi, nyaya, namna umeme unavyogeuzwa kuwa hesabu. Sayansi ya kompyuta, inayosomwa Zomba katika Chuo Kikuu cha Malawi kwa miaka minne, ni kujua namna ya kufikiri na kuandika maagizo ambayo kompyuta itafuata. Maagizo hayo ndiyo yanaitwa programu. Na teknolojia ya habari, inayofundishwa mahali pengi, ni kuziweka kompyuta na programu hizo zifanye kazi ya ofisi, benki au hospitali. Kujua kupiga chapa na kutuma barua kwa intaneti ni jambo jema, lakini si shahada. Asiwepo mtu wa kuwauzia mafunzo ya miezi mitatu akiyaita sayansi ya kompyuta.

Programu ni kitu gani? Tutoe mfano wa bahasha ya mshahara. Sheria ya Ajira ya Malawi ya mwaka 2000 inasema saa za kawaida zisizidi 48 kwa wiki. Saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na kazi ya siku ya mapumziko au ya sikukuu ilipwe mara mbili. Zamani karani alikaa na daftari akapiga hesabu hiyo, na akikosea ulikwenda dirishani ukagombana naye. Leo katika viwanda vingi hesabu hufanywa na kompyuta. Lakini kompyuta haijui Jumapili ni nini. Haijui mpaka mtu aandike katika programu kwamba siku hii ni ya mapumziko na malipo yake ni mara mbili. Mtu huyo akiandika kwamba siku zote saba ni sawa, kiwanda kizima kitapunjwa kila mwezi, na dirishani mtaambiwa "kompyuta ndiyo imesema." Kompyuta haisemi kitu ambacho hakuna mtu aliyekiandika. Chama chenye watoto wake wanaoweza kufungua programu hiyo na kuisoma hakidanganyiki kwa urahisi. Kwetu sisi hiyo ni sababu nzito kuliko sifa ya kuwa na mtoto mwenye joho.

Mlango wa masomo haya uko wapi? Wengi wanadhani uko Blantyre au Zomba. Kwa kweli uko katika kidato cha kwanza na cha pili, mtoto anapochoka na hisabati na kuiacha ijifie. Katika MSCE alama 1 ndiyo bora na 9 ni kuanguka. 1 hadi 6 huhesabiwa kuwa za kiwango cha chuo. Anayeomba chuo kikuu hutakiwa kuwa na masomo sita ya kiwango hicho, Kiingereza kikiwamo, na kwa uhandisi hisabati na fizikia hazikwepeki. Kupata sita sita tu hakutoshi, maana wanaogombea nafasi ni wengi na nafasi ni chache. Shule zetu za kutwa mara nyingi hazina maabara, na mtoto husoma umeme ubaoni bila kushika waya. Basi mzazi anayefanya kazi ya umeme kiwandani amwonyeshe mwanawe nyumbani betri, balbu na waya. Hilo halina karo. Na tunasema mwanawe tukiwa na maana ya binti pia. Binti akitumwa maji na kuni kila jioni huku kaka yake akikaa na daftari la hisabati, tusije tukashangaa nani kachaguliwa.

Asiyefaulu kiwango hicho hajafungiwa. Viko vyuo vya ufundi, kimojawapo hapa Lilongwe, chini ya mamlaka ya ufundi iitwayo TEVETA. Waajiri hutakiwa na sheria kuchangia asilimia 1 ya mishahara wanayolipa kwa ajili ya mafunzo hayo. Pesa hiyo imetoka katika jasho letu, na matawi yana haki ya kumwuliza mwajiri ni vijana wangapi amewapeleka. Fundi mwenye diploma nzuri anaweza baadaye kuomba shahada, na wahandisi wa namna hiyo tunawaamini.

Kuhusu pesa tutasema bila kuficha. Karo ya vyuo vya serikali ni nzito kwa mtu wa ganyu. Mwaka 2016 ilipopandishwa wanafunzi waliandamana. Lakini karo si mwisho wa gharama: kuna chumba, chakula, kikokotozi, kompyuta ya kubeba, na nauli ya zaidi ya kilomita 300 kutoka Lilongwe hadi Blantyre. Tumewaona wazazi waliouza mahindi yote kulipia muhula wa kwanza, na muhula wa pili mtoto akarudi nyumbani. Iko bodi ya serikali ya mikopo na ruzuku kwa wanafunzi wa elimu ya juu. Fomu yake ijazwe mapema na kwa ukweli, na mzazi akumbuke kuwa mkopo hurudishwa. Na kwa vyuo vya watu binafsi, kabla ya kutoa hata kwacha moja, ulizeni kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, kama chuo chenyewe kimeidhinishwa. Kisha ulizeni mara ya pili kama somo lenyewe limeidhinishwa, maana hayo ni mambo mawili.

Sasa tunawageukia ndugu zetu wa Dzaleka. Kambi ile ya Dowa, ambayo zamani ilikuwa gereza, ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu kama 10,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na mkataba wa wakimbizi wa 1951, iliweka masharti katika vifungu kadhaa, vikiwamo vya elimu ya umma, ajira na uhuru wa kutembea. Mnayajua masharti hayo kwa miili yenu, hasa ninyi mliotolewa mijini kurudishwa kambini mwaka 2023. Kwa mwanafunzi maana yake ni kwamba mkopo wa serikali ni wa raia, na chuo kinaweza kumhesabu mkimbizi kama mgeni kwa upande wa karo. Swali hilo liulizwe chuoni na lijibiwe kwa maandishi kabla ya kulipa.

Ndiyo sababu vijana wengi wa kambini huchagua kompyuta badala ya uhandisi, nasi hatuwalaumu. Mhandisi wa ujenzi lazima afike darajani, naye akitaka kufika anahitaji karatasi ya kutoka. Mwandishi wa programu hufanya kazi pale alipoketi, mradi umeme na intaneti vipo. Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, alianza kuwafundisha vijana wenzake kambini kuandika programu, na kazi hiyo ikajulikana kwa jina la Takenolab. Tangu 2010 Majesuiti nao wameleta kambini masomo ya chuo kikuu kwa njia ya kompyuta. Kwa shahada kamili uko ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani na kupitia UNHCR, na uko mpango wa WUSC wa Kanada, wa tangu 1978, unaochukua wanafunzi wakimbizi na kuwapa makazi huko. Nafasi za mipango yote miwili ni chache kuliko wanaofaa. Hakuna nafasi hata moja inayouzwa. Anayewaambia kuwa anaweza kuwapatia kwa pesa ni mwizi, hata kama anazungumza lugha ya nyumbani.

Jambo la mwisho ni vyeti. Mwenye diploma ya serikali ya Kongo au cheti cha Burundi aipeleke kwa MANEB, baraza la mitihani la Malawi, ilinganishwe na MSCE. Karatasi ya Kifaransa itahitaji tafsiri iliyothibitishwa. Kazi hiyo inachukua muda, kwa hiyo ianzwe kabla ya tangazo la nafasi za chuo kutoka. Toeni nakala, na cheti chenyewe kisikabidhiwe mtu asiyetoa risiti.