Vita vya Maji Maji na Mashahidi Wake

Mwanahistoria hufanya kazi kama hakimu: husikiliza mashahidi wengi, wala hamtegemei mmoja tu. Tutazame Vita vya Maji Maji, vilivyoanza Julai 1905 katika vilima vya Matumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima.

Shahidi wa kwanza ni maandishi ya Wajerumani, nao ndio walioshinda. Mengi yalisema kwamba watu walidanganywa na waganga. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kuwauliza wazee. Wazee wakataja kodi, viboko na kazi za kulazimishwa. Ndipo mwanahistoria Gwassa akaeleza kwamba maji ya Kinjikitile yaliwaunganisha watu wa makabila mengi.

Baadaye wengine wakauliza tena: Je, wote walipigana kwa sababu moja? Wakaona sivyo; Wangoni walikuwa na yao, na Wamatumbi yao. Tena wako Waafrika waliosaidia Wajerumani. Hata hesabu ya waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya vyakula kuchomwa moto, ina ubishi: Wajerumani walisema 75,000, Gwassa alikisia hata 300,000.

Basi habari ikibadilika si lazima iwe ya uongo. Huenda ushahidi umeongezeka. Wazee walioviona vita wamekwisha kufa. Kama wasingaliulizwa, maneno yao yangalizikwa pamoja nao. Nawe, msomaji, kwenu yuko mzee gani ambaye hujamwuliza?