Uganda: Wagonjwa na Zahanati Zao

Mwezi Machi mwaka 2001 serikali ya nchi jirani ya Uganda ilifuta malipo ya matibabu katika zahanati na vituo vyake vya afya. Wananchi wasio na uwezo, ambao hapo awali walikuwa wakiuguzana majumbani, walifurika kutaka matibabu. Lakini kufika zahanati ni jambo moja, na kumkuta mganga ni jambo jingine. Wachunguzi waliovitembelea vituo vya nchi hiyo kwa ghafla katika miaka ya 2002 na 2003 walikuta kwamba watumishi 37 katika kila 100 hawapo kazini.

Ndipo likafanywa jaribio linalostahili kuelezwa. Kuanzia mwaka 2004, kaya zinazotumia zahanati 50 za vijijini katika wilaya 9 ziliulizwa maoni yao. Mgonjwa alingoja kwa muda gani? Je, alipimwa? Je, alipewa dawa, au alitozwa fedha kwa huduma iliyotangazwa kuwa ya bure? Katika nusu ya zahanati hizo, majibu yaliandikwa katika lugha ya wenyeji na kujadiliwa na wanakijiji, kisha na watumishi, na hatimaye pande zote mbili zikakutana na kuafikiana la kufanya.

Mapatano yenyewe hayakuwa makubwa. Walikubaliana juu ya sanduku la maoni, kadi za namba ili anayetangulia atangulie kuhudumiwa, na matangazo ukutani yanayoeleza haki za mgonjwa. Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 katika maeneo hayo vilikuwa vimepungua kwa theluthi moja hivi, vikilinganishwa na maeneo yasiyokuwa na mikutano.

Wapo wasemao kwamba mgonjwa si mtaalamu, na maoni yake hayawezi kupima tiba. Ni kweli, mama aliyembeba mtoto mwenye homa hawezi kujua kama kipimo cha dawa kilikuwa sahihi. Lakini anajua alifika saa ngapi, na kama mwanawe aliguswa na mkono wa mganga.

Hata hivyo, matokeo hayo hayakurudiwa. Kati ya mwaka 2014 na 2016 mpango wa namna hiyo ulijaribiwa katika vituo 376 kwenye wilaya 16. Safari hii wagonjwa waliridhika zaidi kidogo na matibabu yakawa bora kidogo, bali idadi ya wanaokwenda kutibiwa haikuongezeka, wala vifo vya watoto havikupungua.

Kwa maoni yetu, sababu mojawapo yaweza kuwa hii: mapatano yalifungwa baina ya kijiji na zahanati, ilhali dawa hutoka katika bohari ya taifa, na mishahara hutoka serikalini. Muuguzi aliyekemewa na wanakijiji aweza kuwahi kazini kesho yake asubuhi. Rafu tupu ya dawa haiwezi kuijaza yeye.