Pima kwanza, nunua baadaye: Somo la sensa ya gari kutoka gereji ya Mtopanga

Gari likianza kumsumbua mtu barabarani, kila aliye karibu hugeuka fundi. Abiria wa mbele atasema ni plagi. Jirani atasema ni mafuta machafu. Kijana wa bodaboda aliyesimama kando, ambaye hata boneti hajaiona ikifunguliwa, ataapa kwamba ni giaboksi.

Binamu yangu aliwasikiliza wote. Gari lake dogo la Kijapani ndilo linalomlisha: alfajiri hubeba mboga kutoka soko la Kongowea na kuwapelekea wateja wake Bamburi na Kiembeni. Kwa mwezi mzima likamtesa. Akikanyaga mafuta linasita, kisha linaruka mbele ghafla. Kwenye foleni, hajagusa chochote, injini inapanda na kushuka yenyewe. Akabadilisha plagi. Akabadilisha kichujio cha mafuta. Akanunua pampu ya petroli ya mtumba. Gari likabaki na tabia yake, na yeye akabaki na deni.

Ndipo akalipeleka kwa fundi mmoja kijana hapa Mtopanga, gereji ya wazi yenye mwarobaini mmoja wa kivuli, nami nikiwa kiti cha abiria. Nilichokiona hapo nataka kila kijana anayeshika spana akisome, na kila anayemlipa fundi pia.

Sensa gani hiyo?

Fundi alichomeka mashine ya kusoma hitilafu kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Ikatoa herufi na nambari: P0122. Maana yake ni kwamba umeme unaorudi kutoka kwa sensa ya throto uko chini kupita kiasi.

Si ile sensa ya kuhesabu watu. Throto ni mlango wa hewa ya injini. Unapokanyaga mafuta kwenye gari la petroli, kwa kweli humwagi petroli. Unafungua kisahani kinachoruhusu hewa kuingia. Ubavuni mwa kisahani hicho ndipo ilipokaa sensa, kazi yake ni kuiambia kompyuta ya gari mlango umefunguka kiasi gani. Kompyuta hutegemea taarifa hiyo inapopima petroli na, kwa magari mengi ya otomatiki, inapoamua gia ibadilike lini. Sensa ikisema uongo, gari husita, hukosa nguvu, au gia hubadilika kwa kishindo. Ndiyo maana yule wa bodaboda alidhani ni giaboksi.

Sensa ya kawaida kwenye gari lenye kebo ya mafuta huwa na nyaya 3. Mmoja huleta volti 5 kutoka kwa kompyuta, wa pili ni ethi, wa tatu hurudisha jibu. Mlango ukiwa umefungwa, jibu huwa kati ya volti 0.5 na 0.9 hivi. Ukifunguliwa wote, hupanda na kupita volti 4. Vipimo hutofautiana kidogo kati ya gari na gari, lakini mtindo ni huo.

Binamu aliposikia neno sensa akatoa simu kuuliza bei. Fundi akamzuia.

"Ngoja kwanza, kaka. Mashine imetuonyesha pa kutafuta. Haijasema kilichoharibika."

Hapo ndipo penye kosa linalokula pesa za watu wengi. Jibu la chini linaweza kuletwa na sensa iliyokufa, waya uliokatika, volti 5 zisizofika, au pini zisizogusana. Ni magonjwa manne tofauti, na sensa mpya inatibu moja tu. Ukiona P0123, jibu liko juu kupita kiasi. P0121 ni jibu lisiloafikiana na hali ya injini. Zote zinahitaji kuchunguzwa vivyo hivyo.

Kazi ya mita

Fundi alitoa mita ndogo ya umeme, akafungua swichi ya gari bila kuwasha injini. Akaingiza ncha nyembamba ya mita kwa nyuma ya plagi ya sensa, bila kuichomoa wala kutoboa waya. Wapo wanaotoboa waya ili kupima haraka. Kwa hali ya hewa yetu ya Pwani, tundu hilo ni kualika unyevu na chumvi ndani.

Mlango ukiwa umefungwa, mita ilisoma volti 0.6. Akaufungua kwa mkono polepole sana, nasi tukikodolea macho kioo cha mita. Moja, mbili, tatu, hadi volti 4.2, bila kuruka wala kuanguka. Akarudia mara tatu. Sensa ilikuwa nzima.

Kisha akaushika ule mkanda wa nyaya na kuutikisa. Mita ikaanguka karibu na sifuri. Akauachilia, ikarudi. Akatikisa tena, ikaanguka tena. Binamu alinyamaza kimya.

Plagi ilipochomolewa, tuliona wenyewe: pini zilikuwa na kutu ya kijani. Fundi akapima upande wa nyaya, akapata volti 4.98, yaani kompyuta ilikuwa ikituma umeme wake sawasawa. Akauliza gari huoshwa vipi. Kumbe kila Jumamosi injini hupigwa maji ya presha ili itoke udongo. Maji hujipenyeza kwenye plagi za umeme, na hewa ya chumvi ya bahari humalizia kazi.

Akaondoa ncha ya betri, akasafisha pini kwa dawa ya kopo ya kusafishia mawasiliano ya umeme, akazibana zilizolegea, akarudisha kila kitu mahali pake. Akafuta ile P0122 kwenye mashine, kisha wakaliendesha hadi barabara ya Malindi na kurudi. Taa ya injini haikuwaka tena. Binamu alilipa ufundi tu.

Je, sensa ikiwa mbovu kweli?

Inatokea. Utaijua pale volti 5 na ethi ziko sawa, pini ni safi, lakini jibu linaruka au linapotea, mara nyingi mlango ukifika pale pale kila unapoufungua. Ndani ya sensa za zamani kuna njia ya umeme inayosuguliwa, na huchakaa zaidi pale mguu wa dereva unapopenda kukaa. Hapo nunua. Na kama matundu yake ya skrubu ni marefu, isifungwe kwa kukisia. Irekebishwe kwa mita hadi jibu la mlango uliofungwa liwe sahihi.

Magari mengi ya miaka ya karibuni hayana kebo kabisa. Throto yake hufunguliwa na mota, na sensa iko ndani yake ikitoa majibu mawili ili kompyuta iyalinganishe. Yakihitilafiana, mara nyingi utaona P2135. Baadhi ya sensa hizo hutumia sumaku, kwa hiyo kuzipima ukinzani kama zile za zamani hakusaidii. Tena mara nyingi huuzwa pamoja na throto nzima, kwa hiyo ukikisia vibaya hasara ni kubwa zaidi. Usiingize kidole humo swichi ikiwa imefunguliwa: mlango unaweza kujifunga ghafla.

Kwako kijana wa gereji

Kenya hairuhusu kuingizwa gari la mtumba lililozidi miaka 8. Kwa hiyo kila mwaka magari yanayoshuka bandarini yana kompyuta zaidi ya yale ya mwaka uliopita, na baadaye yatafika Kisauni yakitafuta fundi. Nyundo na bisibisi havitatosha.

Habari njema ni kwamba pa kuanzia si ghali. Mita ya kawaida ya kidijitali inatosha kwa kazi niliyoieleza. Kifaa kidogo cha Bluetooth kinachosomea hitilafu kwenye simu pia husaidia, ingawa magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huenda yakakataa kuzungumza nacho. Na kama ufundi umeupata gerejini bila cheti, mitihani ya NITA ya gredi III hadi I inaweza kuupa ujuzi wako karatasi.

Kwako dereva, swali ni moja kabla ya kutoa pesa: umepima ukapata ngapi? Fundi mwenye jibu atakutajia volti. Asiye nalo atakutajia bei.

Kesho yake alfajiri binamu alikuwa Kongowea kama kawaida. Ile pampu ya mtumba duka lilikataa kuirudisha. Ya zamani, ambayo ilikuwa nzima tangu mwanzo, bado inazunguka naye kwenye buti.