Mama aliyemsindikiza binti yake Gombe

Pale Kidahwe, barabara ya Kasulu inapoachana na ile ya Uvinza, watu wamezoea kuona familia za ugenini zikipita. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walioletwa Kigoma kwa meli ya Liemba walipitishwa hapo kwa mabasi wakipelekwa kambi ya Nyarugusu. Kabla yao walipita Wakongo. Mzazi anayelea watoto mbali na kwao si kitu kigeni kwa watu wa upande huu.

Ila kuna familia moja iliyokuja Kigoma kwa hiari yake, ya watu wawili tu, mama na binti. Binti ni Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefariki dunia Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Mama yake, Vanne, hatajwi sana. Mzazi anayesoma habari hii huenda akaona kwamba sehemu ya mama ndiyo tamu zaidi.

Mwaka 1960 Jane alikuwa na miaka 26. Hakuwa na shahada, na fedha alizotafutiwa na Dk. Louis Leakey zingetosha miezi sita tu. Serikali ya Waingereza iliyotawala Tanganyika ikakataa katakata binti akae porini peke yake, ikataka awe na mwenzake. Mama akasema atakwenda yeye. Alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 50, mwandishi wa riwaya, mkazi wa Bournemouth, mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza. Yaani kwenye makaratasi, Vanne alikuja kutimiza sharti.

Vikwazo vilianzia Nairobi. Huko waliambiwa wasubiri kwanza, kwani wavuvi wa ufukwe wa Gombe walikuwa wamegombana. Wakapoteza wiki kadhaa katika kisiwa cha Lolui, Ziwa Victoria, Jane akifanya mazoezi ya kuangalia tumbili. Ruhusa ilipotoka wakapanda Landrova, mwendo wa siku tatu hadi Kigoma.

Walikuta mji umejaa. Kongo ilikuwa imepata uhuru Juni 30, vurugu zikazuka, na Wabelgiji walikuwa wakivuka ziwa na watoto wao. Hapakuwa na pa kulala wala nafasi ya kushughulikia habari za sokwe. Mama na binti wakajiunga na wenyeji wa mji kuandaa chakula cha wakimbizi, wakakata mikate na kubandika nyama ya kopo mpaka zikafika sandwichi 2,000. Jane alisimulia baadaye kwamba baada ya hapo hawakutaka hata kuiona nyama hiyo. Wao wenyewe walipiga hema kwenye viwanja vya gereza la Kigoma. Hawakuwa wamefungwa, ila ndipo palipopatikana nafasi.

Julai 14, 1960 boti ikawashusha Gombe pamoja na mpishi wao. Makazi yao yalikuwa hema moja kuukuu la jeshi, la kulala wawili. Nge na tandu waliingia wapendavyo, na nyani wakavamia kambi kutafuta chakula. Jane alitoka kabla ya mapambazuko na kurudi jioni. Mama alibaki kambini kutwa nzima, katika nchi asiyoijua lugha yake, akizungukwa na wavuvi wa dagaa waliokuwa na mashaka na wageni hao. Nani angeamini kwamba Wazungu wawili wamesafiri kote huko kuja kutazama sokwe?

Hapo ndipo Vanne alipoacha kuwa msindikizaji. Kaka yake, daktari wa upasuaji, alikuwa amemfungashia dawa ndogondogo: aspirini, iodini, bandeji, chumvi ya haluli. Akafungua zahanati chini ya paa la nyasi. Alikuja mtu mwenye kidonda ndugu mguuni, kimechimbika na kuvimba vibaya. Vanne akamsihi aende hospitali Kigoma, mgonjwa akakataa. Basi akamkalisha na kumdondoshea maji ya chumvi ya uvuguvugu kidondani, tone kwa tone, asubuhi na alasiri. Baada ya wiki kama tatu uvimbe ukaisha na kidonda kikawa safi. Habari zikaenea ufukweni na watu wakaanza kupanga foleni. Wavuvi waliomwogopa binti wakawa wanamwamkia mama, na ukaribu huo ukamfungulia njia Jane pia.

Haikuwa raha tupu. Daktari mmoja mjini alikuwa amewahakikishia kwamba eneo lile halina malaria, hivyo hawakubeba dawa yake. (Mkazi yeyote wa mwambao wa Tanganyika angewaambia ukweli bure.) Wote wawili wakaanguka pamoja, wakalala kama wiki mbili, joto la mama likipita nyuzi 40 siku baada ya siku. Mpishi aliwasihi waende mjini. Walikuwa hoi, hawakuweza kukaa botini saa tatu. Usiku mmoja mama alitoka nje akiweweseka, mpishi akamkuta amezimia. Kama mpishi huyo angekuwa mtu wa kulala fofofo, historia ya Gombe ingekuwa nyingine.

Walipona. Lakini sokwe bado walimkimbia Jane kila alipowakaribia, na miezi ilikuwa inakwisha. Jioni kwenye moto alimlalamikia mama yake, naye akamwonesha mambo aliyokwisha kujifunza kwa darubini akiwa mlimani: wanalala wapi, wanakula nini, wanatembeaje. Baada ya miezi kadhaa Vanne akarudi kwao. Novemba mwaka huohuo Jane aliona sokwe akichokoa mchwa kwa jani la nyasi, jambo lililobadili walichodhani wanasayansi, kwamba binadamu pekee ndiye mwenye kutengeneza zana.

Miaka saba baadaye zamu ya kulea ugenini ikawa yake. Machi 1967 alijifungua mtoto wa kiume, akamrudisha Gombe akiwa mchanga. Tatizo ni kwamba sokwe huwinda wanyama wadogo, na katika mkoa wa Kigoma walishawahi kubeba watoto wa binadamu. Jane na mumewe, mpiga picha Hugo van Lawick, wakajenga nyumba ufukweni na kuzungushia kibaraza chake wavu wa chuma, mtoto akawa ndani na sokwe nje. Watu waliucheka utaratibu huo, ila mtoto alikua salama. Jane mwenyewe amesema mengi ya malezi alijifunza kwa sokwe jike aitwaye Flo, hasa uvumilivu: mtoto akiharibu jambo, umbadilishie mchezo kabla ya kumchapa.

Kijana huyo akakulia mchangani kando ya ziwa, akivua samaki na kuzungumza Kiswahili. Umri wa shule ulipofika, mama aliona Gombe hapamtoshi. Akampeleka Bournemouth akaishi na bibi yake Vanne na kusoma huko, na likizo akirudi kwa mama.