Mafuta ya ubuyu na pete ambayo wauzaji hawaitaji

Maswali ya wasomaji kuhusu mafuta ya ubuyu hayaishi, na karibu kila moja limebeba neno la muuzaji: yana vitamini C kushinda machungwa, yanashusha sukari, yanarudisha nguvu za kiume. Hilo la kwanza ndilo linaloniudhi zaidi. Vitamini C ya tunda la mbuyu imo katika ule unga mweupe mchachu unaozunguka mbegu, nayo huyeyuka katika maji, si katika mafuta. Ukikamua mbegu, haikufuati chupani. Umoja wa Ulaya ulipoukubali ubuyu kuwa chakula mwaka 2008, kibali kilikuwa cha unga huo.

Mbegu si ya kudharau. Kiini chake, kikishavuliwa gamba gumu, karibu theluthi ya uzito wake ni protini, na nyingine inayokaribia hapo ni mafuta. Ina pia lisini, ambayo mahindi yamepungukiwa.

Lakini ndani ya mafuta hayo mna asidi mbili, stekuliki na malvaliki, na hapa ndipo penye maajabu. Ini letu lina kimeng'enya kinachoshika asidi ya mafuta magumu, mnyororo wa kaboni 18, na kuilainisha kwa kuweka kifungo maradufu kati ya kaboni ya 9 na ya 10. Stekuliki nayo ni mnyororo wa kaboni 18, ila papo hapo, kati ya kaboni ya 9 na ya 10, imepachikwa kaboni moja ya ziada, zikafanya pete ya pembe tatu. Kaboni hupenda kutanua pembe kati ya vifungo vyake. Pembetatu huzibana pembe hizo hadi karibu nyuzi 60, pete ikakaa imekazika kama upinde uliovutwa. Kimeng'enya kinazuiwa pale pale pa kazi yake. Wafugaji waliona matokeo kwa kuku waliolishwa mbegu za pamba, zenye asidi hizohizo: mayai yakihifadhiwa, ute hugeuka wa waridi, maana utando wa kiini umelegea na chuma kimevujia kwenye ute.

Mafuta ya pamba husafishwa kwa joto kali kiwandani, na pete nyingi huvunjika, kabla hayajafika jikoni. Mafuta ya ubuyu yaliyokamuliwa uani hayapiti huko. "Ni ya asili" si jibu. Pete hiyo nayo ni ya asili.

Kwa hiyo: mafuta mabichi jipake ngozi na nywele, usiyanywe kijiko kila asubuhi. Unga kula. Mbegu zikaange kwanza, joto hupunguza vizuizi vya umeng'enyaji wa protini. Na anayekwambia uache vidonge vya kisukari kwa sababu ya chupa yake, muulize alimpima nani sukari, mara ngapi, kwa kifaa gani, na daftari la vipimo hivyo liko wapi.