Njia za Wahenga wa Kyela: Nasaba za Machifu na Vitabu vya Ubatizo

Katika sharika zetu za Kyela na ufuko wote wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, mazishi ni darasa la historia. Kabla jeneza halijatolewa nyumbani, mzee wa ukoo husimama na kueleza marehemu alikuwa mwana wa nani, na huyo alikuwa mwana wa nani, hata afike kwa yule wa kwanza, ambaye mara nyingi husemwa kuwa alishuka kutoka Bukinga, juu ya Milima ya Livingstone. Mchungaji aliyekaa pembeni akipitia hubiri lake huona kwamba maneno hayo yanachukua muda mrefu. Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba yanastahili kusikilizwa kwa makini, na pia kwamba yasikubaliwe yote kama yalivyo. Maana katika nchi hii yenye ardhi finyu, swali la nani alitangulia kufika limekwisha kugawa watu wa meza moja ya Bwana.

Masimulizi yenyewe, kwa kifupi, ni haya. Lwembe na Kyungu walikuwa ndugu waliotoka Bukinga. Lwembe alikaa Lubaga, katika nchi ya vilima ya Rungwe, na kutoka kwake machifu wa Wanyakyusa huhesabu nasaba zao. Kyungu aliendelea hadi kilima cha Mbande, karibu na Karonga, akawa mtawala wa Wangonde. Husemwa kwamba mabwana hawa walileta moto, ng'ombe na chuma, na kwamba watu waliowakuta huku chini walikuwa wakila vyakula vibichi. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya utafiti wao kati ya mwaka 1934 na 1938 wakisaidiwa na Leonard Mwaisumo, waliyaandika masimulizi hayo kwa uangalifu. Kitabu cha Godfrey juu ya utawala wa Ungonde kilichapishwa mwaka 1939, na vya Monica vilifuata kwa miaka mingi baada ya kifo cha mumewe mwaka 1944. Kabla yao, D. R. MacKenzie, mmisionari wa Kiskochi, alikwisha kuandika juu ya watu hawa, akiwaita Wakonde, katika kitabu kilichotoka mwaka 1925.

Sasa hapana budi tuulize swali ambalo mzee msibani haulizi. Kama wahenga wetu sote walitoka Bukinga, kwa nini hatusemi Kikinga? Kinyakyusa na Kingonde ni lugha moja yenye tofauti ndogo ndogo. Kikinga ni lugha nyingine, nayo wataalamu wa lugha za Kibantu huiweka katika kundi la Kihehe na Kibena. Mtu wa Kyela anayepanda milima hadi Bukinga huhitaji mkalimani au Kiswahili. Tena yale masimulizi yenyewe yanakiri kwamba palikuwa na watu huku chini. Kula vibichi ni kula, na mlaji lazima awe mtu. Kwa maoni yetu jambo hili lina maelezo mepesi. Walioshuka walikuwa wachache, wakaoa binti za waliowakuta, na watoto wakajifunza lugha ya mama zao. Kwa hiyo nasaba inayosomwa msibani ni njia ya nyumba za kitawala. Njia ya mtu wa kawaida, ambaye ndiye wahenga wa wengi wetu, haimo ndani yake. Hata habari ya moto haina budi kupimwa kwa mizani hiyo: mtawala mgeni ana haja ya kuonyesha kwamba kabla yake hapakuwa na kitu.

Wala tusidhani kwamba Bukinga ni hadithi tupu. Wakinga walikuwa wafua chuma, na majembe yao yalishuka milimani kubadilishwa na vyakula vya bondeni. Makuhani wa Kikinga walikuja Lubaga kwa ajili ya matambiko. Njia za miguu zilizopita milimani zilikuwa kweli, na zilitumika kwa vizazi vingi. Lakini njia ya biashara hupitwa pande zote mbili, na anayeshuka na majembe si lazima awe babu wa kila mtu anayelima kwayo.

Jinsi watu walivyoenea kutoka vilimani hadi uwandani kwaeleweka vizuri zaidi tukitazama desturi ya ubusoka, yaani kutoka. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao mbali na baba zao. Wana wa chifu na wenzao walipokomaa, sherehe ilifanyika, mioto ya zamani ikazimwa, moto mpya ukawashwa, miti ikapandwa, na nchi ya baba ikagawanywa kati ya wana wawili wakubwa. Wazee walisogea kando. Basi uhamiaji wa wahenga haukuwa msafara mmoja kama ule wa kutoka Misri. Ulikuwa hatua fupi fupi, kila kizazi kikisogea bonde moja mbele, kufuata maji ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo, mpaka ng'ombe wakafika kwenye nyasi za ziwani. Baadaye S. R. Charsley, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alihoji kama desturi hiyo ilifuatwa kwa utaratibu mzuri namna hiyo, akakazia zaidi mashindano ya watawala wenyewe. Sisi twaona kwamba hoja hizo mbili zaweza kukaa pamoja. Sherehe yaweza kuwa na taratibu zake, na ndugu wakagombana vilevile.

Wanafunzi wengi hupenda kuhesabu vizazi, kuzidisha kila kimoja kwa miaka thelathini, kisha kuandika mwaka ambao Lwembe alishuka. Twawasihi waache. Nasaba husahau, na mara nyingine husahau kwa makusudi. Mwinjili Mathayo, katika sura ya kwanza aya ya 8, anatoka kwa Yoramu hadi Uzia moja kwa moja, ingawa kila msomaji wa vitabu vya Wafalme anajua kwamba katikati walikuwapo Ahazia, Yoashi na Amazia. Mathayo alitaka makundi matatu ya vizazi kumi na vinne, akayapata. Hakusema uongo; nasaba yake ni tangazo juu ya Masihi, na ndivyo inavyopasa kusomwa. Mzee wa ukoo naye hutangaza jambo. Hutangaza haki ya kukaa mahali. Aliyeshindwa vitani, aliyekufa bila mtoto, na mwanamke aliyeleta ng'ombe nyumbani kwa mahari yake, hao huanguka njiani. Lakini Mathayo, tofauti na wazee wengi tuliowasikia, aliwaacha Rahabu na Ruthu, wageni, wakae mahali pao.

Kisha ukaja mpaka. Kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890, mto Songwe ulifanywa mwisho wa nchi moja na mwanzo wa nyingine, ndugu wa Kyungu wakabaki upande wa kusini na ndugu wa Lwembe upande wa kaskazini. Songwe wenyewe haukutia sahihi mapatano hayo. Mvua zikizidi huhamisha mkondo wake uwandani, na shamba lililolala upande huu likaamkia upande wa pili. Koo zilizo na makaburi pande zote mbili ni nyingi, na mtafiti anayeishia Kasumulu hajamaliza hata nusu ya kazi yake.

Njia za watu wadogo twazipata wapi basi? Baadhi zilikuwa njia za kukimbia. Mwaka 1887 Mlozi na wafanyabiashara wenzake wa watumwa waliwashambulia Wangonde karibu na Karonga, na vita na Kampuni ya Maziwa vikafuata hadi 1889. Mlozi alinyongwa mwaka 1895. Watu walitawanyika. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kimoravian aliyefanya kazi Utengule, alikusanya habari za maisha ya wanawake waliokuwa wamepita katika utumwa kwenye nchi hizi za kati ya Nyasa na Tanganyika. Marcia Wright alizichambua upya katika kitabu chake cha mwaka 1993. Mwenye kuzisoma ataona uhamiaji wa namna nyingine kabisa. Mtu anatolewa kwa deni, anauzwa, anatoroka, anaolewa ugenini, na mwishowe anafika mlangoni pa misioni kwa sababu hana mjomba wa kumkimbilia. Hakuna mzee awezaye kusimama msibani na kuihesabu njia hiyo hadi Lubaga.

Na hapa ndipo wachungaji tunapohusika, kwa maana sehemu kubwa ya njia hizo, kama imeandikwa popote, imeandikwa katika vitabu vyetu wenyewe. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891 na kujenga Ipyana, hapa uwandani, mwaka 1894. Wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walianza mwaka huohuo wa 1891 kule Wangemannshöhe, wakafuatisha Manow mwaka 1892, kisha Mwakaleli na Ikombe mwaka 1893. Kutoka hapo kitabu cha ubatizo kikaanza kuandikwa. Mstari mmoja tu, wenye jina la zamani, jina jipya, wazazi, mahali na tarehe, husema habari ambayo nasaba ya chifu haikuona haja ya kuitunza. Anayetafuta lazima ajue pia kwamba mikono ilibadilika. Vita ya kwanza iliwaondoa Wajerumani, na Waskochi wa Livingstonia wakashika kazi mpaka Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Vita ya pili ikawaondoa tena. Kwa sababu hiyo karatasi za usharika mmoja zaweza kuwa Berlin, au Herrnhut kwa ndugu zetu Wamoravian, au Edinburgh, na maandishi ya akina Wilson yako Chuo Kikuu cha Cape Town. Mahali pa mtu wa Kyela pametawanyika kuliko koo zake.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Marekani wamo wengi ambao babu zao walikuwa Waskochi waliohamishiwa Ulster, kaskazini mwa Ireland, katika karne ya 17, na ambao wajukuu wao walivuka bahari katika karne iliyofuata, wakafika Pennsylvania, kisha wakashuka kusini kwa bonde la Shenandoah hadi Carolina. Wazao wao nao hukumbuka vituo viwili vitatu vikubwa. Kutafuta vile vya katikati huwapeleka kwenye hati za ardhi na vitabu vya makanisa ya Kipresbiteri, ambamo mtu aliyehama huonekana akipokelewa na usharika mpya kwa barua ya usharika wake wa zamani. Sisi pia tuna barua hizo. Wangapi wetu huzitunza baada ya kuzisoma?

Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa kusikiliza ugomvi wa familia mbili za usharika mmoja wa uwandani juu ya mahali pa kuzika. Familia ya kwanza ilisema ya pili ni wageni, watu wa kuja, wasio na kaburi la babu mahali pale. Tuliomba kitabu cha ubatizo. Babu wa wale walioitwa wageni aliandikwa humo, na mahali pa kuzaliwa kwake palikuwa ng'ambo ya Songwe. Kurasa chache mbele tukamkuta babu wa wenyeji, naye alikuwa mzaliwa wa mlimani, amebatizwa uwandani akiwa mtu mzima. Hatukujua tufanye nini na habari hiyo. Kuisoma mbele ya wote kungewaaibisha wazee waliokuwa wamesimulia jambo jingine maisha yao yote. Tuliwaonyesha wakuu wa familia hizo mbili faraghani. Marehemu alizikwa, ugomvi ulipungua, lakini hatuwezi kusema uliisha.

Tangu hapo tumeisoma Ezra sura ya 2 kwa moyo mwingine. Aya za 61 hadi 63 zataja makuhani waliotafuta orodha ya nasaba yao wasiione, wakaondolewa katika ukuhani. Kitabu chaweza kufungua mlango, na kitabu hichohicho chaweza kuufunga. Kinyume chake, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 26 mkulima Mwisraeli anayeleta malimbuko anaagizwa kukiri, akiwa amesimama juu ya ardhi yake mwenyewe, kwamba baba yake alikuwa mhamaji. Hakutakiwa kuthibitisha kwamba alifika wa kwanza. Katika mafundisho ya kipaimara, na hata katika hubiri la mazishi, sura hii ingefaa kusomwa Kyela mara nyingi zaidi kuliko inavyosomwa.

Uhamiaji haukukoma kwa kuja kwa misioni. Wanaume wa nchi hii walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, kwenye shaba ya Zambia na kwenye migodi ya Afrika Kusini kwa njia ya Wenela. Wengine wakaenda kulima mpunga Usangu. Baadhi hawakurudi, na wajukuu wao sasa wanaandika barua kuuliza.

Kwa hiyo twawaomba wanafunzi wanaojiandaa kuandika historia za sharika zao waanze na kabati la ofisi. Joto na unyevu wa Kyela haviwahurumii wala karatasi wala wino, na mchwa hafahamu Kijerumani. Nakilini kwanza kurasa za zamani kwa mkono au kwa picha, neno kwa neno, pamoja na makosa yake. Msirekebishe majina yaliyoandikwa kwa masikio ya kigeni, maana Muakareri wa Mjerumani ndiyo Mwakaleli yetu, na atakayetafuta baadaye atahitaji kuyaona yote mawili. Kisha mwendeni kwa wazee, hasa kwa akina mama walioolewa kutoka mbali, na mwaulize mama zao walizaliwa wapi. Swali hilo huulizwa mara chache, nao hulijibu kwa furaha.